Marehemu Yumo Mfumoni

Twilumba Kihwele alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kuivunja tangu avishwe pete ya usimamizi: kabla ya kunywa chai, anaamkia mfumo. Wenzake waliamkia wakwe, yeye aliamkia Jamvi. Asubuhi hiyo aliingia katika chumba chake cha kazi, ambacho zamani kilikuwa banda la kupozea maziwa, akaweka kikombe chini na kupuliza vidole, maana baridi ya Itonya haina adabu. Kisha akaandika amri ile ile ya siku zote:

nani

Ndiyo amri ya kuuliza ni akina nani wamo ndani ya mfumo kwa saa hiyo. Jamvi halikuchelewa kujibu:

tkihwele: yumo
vmhapa: yumo

Akasoma mara ya kwanza akatabasamu. Akasoma mara ya pili, tabasamu likamtoka. Huyo vmhapa alikuwa Mzee Vitalis Mhapa, mwasisi wa Jamvi, mtu aliyemfundisha Twilumba kila anachokijua. Na Mzee Vitalis alikuwa amezikwa tangu kabla mvua hazijaanza. Twilumba mwenyewe alikuwepo makaburini, akalia mpaka machozi yakamkauka, na wali wa matanga akala sahani mbili.

"Yesu na Maria!" akasema, akisogeza kiti nyuma. "Mzee, unatafuta nini humu?"

Twilumba akajicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu kulikuwa na jambo baya kuliko mzimu. Siku hiyo ilikuwa siku ya kiapo. Jua likifika utosini angesimama mbele ya mji mzima pale sokoni na kutamka maneno mawili, "Jamvi safi," halafu miji mingine yote ya nyanda za juu ingefungua milango ya mifumo yake na kuunganishwa na Itonya. Wangefungua kwa sababu ya neno lake, basi. Sasa msafi gani huyo mwenye maiti sebuleni?

Yafaa ieleweke kwamba Jamvi halikuwa mashine iliyofungiwa kabatini. Lilikuwa mfumo endeshi wa mji mzima. Ndilo lililotandaza nyavu za ukungu kule mlimani alfajiri, likakamua ukungu ukawa maji, likayapeleka maji matangini, likapasha joto wodi ya wazazi na kupiga kengele ya shule. Msimbo wake ulikuwa huria, mtu yeyote aliruhusiwa kuusoma, hata muuza viazi, na wauza viazi wa Itonya waliusoma kweli na kuulalamikia. Halikuwa na picha wala vitufe vya rangi. Waasisi walisema picha huficha mambo, maandishi hayafichi, kwa hiyo kila kitu kilifanywa kwa amri ya kuandikwa, mstari kwa mstari. Juu ya mlango wa banda walichonga: Penye wengi hapaharibiki neno.

Twilumba akakunja mikono ya sweta, akaandika amri ya kuuliza marehemu anaendesha nini:

michakato vmhapa

Jibu likawa neno moja tu: kikombe.

Akaifungua programu hiyo iitwayo kikombe, akaisoma taratibu huku midomo ikichezacheza. Ilikuwa fupi na nzuri, kazi ya fundi. Kila alfajiri tangi la juu linapojaa na kuanza kumwagika, kikombe huamka, hufungua koki ya bomba la zamani, huacha maji yaende kwa muda mfupi, huifunga tena, kisha hufuta nyayo zake zote na kujificha isionekane na amri ya nani. Miaka yote amri hiyo ilikuwa imefundishwa kunyamaza. Lakini jana yake Twilumba aliweka toleo jipya kwa ajili ya kiapo, na toleo jipya halikuwa limefundishwa adabu hiyo. Likasema lilichokiona.

Bomba la zamani lilielekea sehemu moja tu: Lihanga, ng'ambo ya ukingo wa mlima.

Hapo akashusha pumzi. Watu wa Lihanga ni Wangoni waliojitenga na Itonya mwaka wa ule ukame, walipokataa kuvaa pete za utambulisho. "Hatuvishwi pete na mashine, hata posa haijaletwa," walisema, wakafunga mizigo. Baraza la mji likakasirika na kupiga kura: asiye na pete hana maji. Tangu siku hiyo Lihanga walikuja Itonya kuuza maharage na kununua chumvi, wakataniana na kila mtu, lakini tone la maji hawakupewa. Hivyo ndivyo mji ulivyoamini.

Angeweza kuishia hapo na kuguna tu. Ila alikuwa mlinzi, na mlinzi akikuta mlango uko wazi huangalia pia nani amepita nje. Akaita orodha ya waliobisha hodi kwenye akaunti ya marehemu. Loo! Kulikuwa na mtu asiyejulikana, kutoka mbali nje ya nyanda, aliyekuwa akijaribu nywila za vmhapa moja baada ya nyingine, bila kuchoka, kwa siku kadhaa. Wezi wa mitandaoni husoma matangazo ya vifo kuliko jamaa za marehemu. Na akaunti hiyo ilikuwa na mzizi, yaani mamlaka ya kufanya lolote kwa lolote, na kwa kuwa ilikuwa ya mwasisi haikuombwa idhini ya mtu wa pili. Atakayeingia kwa jina la Mzee Vitalis angeweza kuzima joto la wodi ya wazazi akiwa amelala kitandani kwao.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Twilumba akajiambia, akaandika amri ya kuua programu:

ua kikombe

Jamvi likamjibu kwa upole: Pete ya pili tafadhali.

*

Pete ya pili ilikuwa kidoleni mwa Longinus Ngonyani, na Longinus alikuja anatafuna hindi la kuchoma, buti zimejaa matope ya mlimani. Kazi yake ya mkono ilikuwa kushona nyavu za ukungu zilizochanika. Kazi yake ya kinywa ilikuwa kumtukana Twilumba.

"Kamwene, Mhehe! Bado upo? Nimesikia mbwa wa jirani yako hajaonekana tangu juzi, nikasema leo huji kazini, umevimbiwa."

"Heri mimi ninayevimbiwa. Babu zenu walitembea kutoka kusini kabisa wakitafuta chakula, na mjukuu wao mpaka leo anatembea na hindi moja."

Hayo hayakuwa mazungumzo ya kupoteza muda. Ndiyo yaliyokuwa ulinzi wenyewe. Waasisi wa Jamvi walikuwa wameona mifumo mingi ikianguka, na wakagundua kwamba heshima imeua mifumo mingi kuliko wezi. Bosi anaandika amri ya kijinga, msaidizi anaiona, anaona haya kusema, anaidhinisha, mji unazimika. Wakajiuliza: ni nani duniani anayeweza kukuita mpumbavu usoni, asubuhi, kwa sauti, na jioni mkala pamoja? Mtani, nani mwingine, na Mhehe na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu! Basi wakaweka sheria. Kila amri ya mzizi itaandikwa na Mhehe na kukaguliwa na Mngoni, au kinyume chake, na mkaguzi ni lazima aitafutie kasoro kwa moyo wote. Mwezi uliopita tu Twilumba alitaka kufuta mafaili ya zamani, akaacha nafasi moja mahali pasipotakiwa. Longinus akaruka: "Wewe, umelewa ulanzi? Ukibonyeza hapo unafuta hospitali!" Na kweli angeifuta.

Kwa hiyo sasa Twilumba akamgeuzia kioo na kusubiri matusi.

Longinus akaisoma ile amri. Akaacha kutafuna. Akaweka hindi mezani, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Dada Twilumba," akasema kwa sauti laini, "samahani sana. Kama hutajali, naomba suala hili tulitazame kwa utulivu."

Nywele zikamsimama Twilumba. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mtu huyu hakuwahi kumwita dada. Samahani hakuwahi kuisema hata siku aliyomkanyaga mguu uliokuwa na jeraha.

"Longinus. Umefanya nini?"

"Mimi?"

"Mngoni akiwa na adabu ameua mtu. Sema!"

Longinus akaingiza mkono shingoni, akavuta uzi kutoka ndani ya shati. Mwisho wa uzi ilining'inia pete ya shaba iliyochakaa. Twilumba aliitambua kabla haijaacha kubembea, kwa sababu mkono ulioivaa ndio uliomwelekeza herufi zake za kwanza za Jamvi.

"Niliichukua msibani," Longinus akasema.

Twilumba akakumbuka yote. Siku ya mazishi Longinus alifanya kama watani wafanyavyo. Alijilaza mlangoni kwa marehemu, akazuia jeneza lisipite, akanyakua pete ya marehemu kwenye sinia na kudai fidia ya jogoo. Watu wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Dada wa marehemu, Mama Chengula, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa baraza na hana mzaha na mali yake, akamwambia hata unyoya hapati. Jeneza likapita, watu wakazika, siku ya kuanua matanga ikaja. Siku hiyo ndiyo pete ya marehemu hutumika kuifunga akaunti yake, na haitumiki mpaka ikombolewe kwa mtani. Longinus akasubiri jogoo. Mama Chengula akasubiri Longinus achoke. Twilumba akadhani wamekwisha kumalizana. Kila mtu akadhani mwenzake kafunga mlango.

"Nilijua jogoo atakuja tu," Longinus akaendelea. "Halafu asubuhi moja pete ikanitetemekea kifuani, ikaniambia kikombe kinaomba ruhusa ya mwezi mpya. Kikombe gani? Nikalifuata bomba kwa miguu mpaka mwisho wake. Twilumba, linaishia kwenye tangi la zahanati yao. Nikawakuta akina mama wenye vichanga wanachota. Mzee alikuwa anawapa maji tangu siku ya ile kura, peke yake, kimya kimya. Ningefanyaje? Nikaikubali. Kila mwezi naikubali."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungelazimika kuchagua."

"Ndiyo kazi yangu hiyo!" Twilumba akapiga meza, chai ikaruka. Hasira ilimpanda, na ajabu ni kwamba nusu yake haikuwa ya Longinus bali ya yule aliyelala makaburini. "Huyu mzee alinichapa vidole na rula kwa ajili ya siri! Alisema ndani ya Jamvi hakuna siri njema. Kumbe mwenyewe kaficha bomba zima! Na mimi nimemlilia, nimevaa kaniki, nimenyoa nywele!"

"Zimeota vizuri lakini," Longinus akasema kwa unyonge.

"Nyamaza. Tazama hapa."

Akamwonyesha waliobisha hodi. Longinus akasoma mistari ile, na kila mstari ukamshusha mabega. Hakujua. Alikuwa amejiona anashika kikombe cha maji tu. Hakuona kwamba ameshika pia ufunguo wa mji, kifuani, kwa uzi wa kushonea nyavu.

"Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya mgeni mwema," Twilumba akasema, "fisi naye anauona."

Nje soko lilikuwa limeanza kuchangamka, wanawake wanapanga viazi, mtu anajaribu kipaza sauti kwa kukipulizia.

"Tukifunga kimya kimya," Longinus akasema, "kesho alfajiri wale akina mama watakuta tangi kavu. Watashuka korongoni mtoni na vichanga mgongoni. Unalijua lile korongo."

"Nalijua."

"Tukiacha kimya kimya, unakula kiapo cha uongo."

"Na fisi anaingia. Na safari hii anakuta milango ya miji yote."

"Na tukisema?"

Twilumba akapiga hesabu. Wakisema, baraza lilikuwa na haki ya kupiga kura ile ile ya mwaka wa ukame, na kura hiyo ingekata maji hadharani, kwa muhuri, bila mzee yeyote wa kuyarudisha kwa siri.

"Tutasema," akasema mwisho.

"Mhehe, huko ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi."

"Waache wadonoe. Kaa hapa karibu, nishike kasoro, nina kitu nataka kukiandika kabla ya mchana. Na nitukane vizuri. Hii adabu yako inanitisha."

*

Mchana soko lilijaa mpaka juu ya magunia. Ukuta wa ghala la viazi ulipakwa chokaa tangu zamani kwa kazi hiyo, na kila alichokiandika Twilumba kilitokea ukutani kwa herufi kubwa watu wote waone. Kwenye kona moja ya ukuta walionekana wasomaji wa miji mingine, majina tu, wakisubiri.

Mama Chengula alisimama na kitambaa chake cha sherehe. Yeye ni mtengeneza jibini, ana mikono ya kukamua na sauti ya kufukuzia ng'ombe.

"Msimamizi Twilumba Kihwele! Mbele ya mji, Jamvi ni safi?"

"Hapana, Mama."

Kilichofuata siwezi kukiita minong'ono. Mtu aliangusha debe. Mama Chengula akapepesa macho, maana kwenye ratiba baada ya swali hilo kulikuwa na ngoma.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema hapana, Mama. Naomba nieleze, halafu mnichinje mkipenda."

Akawaonyesha. Akaandika nani, na jina la marehemu likatokea ukutani, wazee wawili wakafanya ishara ya msalaba. Akaifungua kikombe na kuisoma mstari kwa mstari kwa sauti, kama mtu anayesoma barua ya mzazi. Akaonyesha waliobisha hodi. Hakumficha Longinus na hakujificha mwenyewe. "Ilikuwa kazi yangu kuhakikisha akaunti imefungwa," akasema. "Sikuhakikisha. Niliona haya kuuliza habari za jogoo kwa wafiwa."

"Wizi!" mtu akapiga kelele kutoka kwenye viazi. "Wangoni wamekunywa maji yetu miaka yote!"

"Kata! Kata leo leo!" wengine wakadakia.

Ndipo kutoka upande wa maharage akainuka mwanamke mnene aliyevaa kofia ya sufu, Fortunata Gama, mkunga wa Lihanga, ambaye huja kila siku ya soko.

"Subirini kwanza," akasema. "Hayo maji ni mzee aliyetupa?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi tulijua bomba lenu linavuja!" Fortunata akashika kiuno. "Kila asubuhi tunasema, jamani Wahehe hawa, koki moja tu imewashinda kuziba miaka yote hii! Tumewacheka mpaka mbavu zinauma. Watoto wetu wana wimbo kabisa wa bomba lenu. Kumbe ni sadaka?" Uso wake ukabadilika, na safari hii hakuwa akitania. "Kama ni sadaka, hatuitaki. Kateni. Njia ya korongoni tunaijua."

Twilumba akaona kwamba sasa wako watu wa pande mbili wanaotaka maji yakatwe, upande mmoja kwa hasira na mwingine kwa kulinda heshima yake, na katikati yao hakuna aliyetaja vichanga. Akavuta pumzi.

"Naomba kuuliza jambo moja," akasema. "Mngoni akiingia kwa Mhehe akachukua kitu bila kuomba, hilo linaitwaje?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akaanza kucheka kabla ya wengine.

"Utani," mtu akasema.

"Si wizi?"

"Si wizi. Tangu lini mtani akaiba?"

"Wala si sadaka," Twilumba akasema, akimtazama Fortunata. Yule mkunga akaukunja mdomo ili usicheke.

Lakini Mama Chengula hakuwa mwenyekiti kwa bahati nasibu. "Ngoja, ngoja, Twilumba. Usitupige chenga. Utani una masharti. Mtani anachukua kuku, hachukui ng'ombe wa maziwa. Na anachukua mchana kweupe, watu wanaona, anatukana, anatukanwa. Hii ya kufuta nyayo si utani. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alifanya jambo jema vibaya."

"Kabisa, Mama. Ndiyo maana nimeandika hii."

Akabonyeza, na ukutani ikatokea kazi yake ya asubuhi. Ilikuwa akaunti mpya inayoitwa watani. Haikuwa na mzizi. Haikuweza kusoma barua ya mtu, kuzima taa wala kugusa wodi. Katika Jamvi lote iliruhusiwa kufanya jambo moja: kufungua koki ya bomba la zamani, na hilo ni pale tu tangi la juu linapomwagika, maji ambayo hata hivyo yangepotea porini. Pete haikutakiwa. Ufunguo mmoja ungekaa kwa mkunga wa Lihanga, kwa jina lake, anayejulikana.

"Na nyayo?" Mama Chengula akauliza.

"Hapo ndipo patamu. Koki haifunguki mpaka wameandika tusi kwetu, na tusi hilo linatokea hapa ukutani mji mzima usome, na linahifadhiwa, halifutiki. Asiyetukana hapati maji."

Soko lilipasuka. Watu walicheka, wakagonga madebe, na yule aliyesema kata akauliza kama na wao wataruhusiwa kujibu. Longinus akainua mkono, sauti yake imerudi.

"Mimi nina kasoro! Huyu Mhehe—"

Hakumaliza, kwa sababu kona ya ukuta iliwaka. Msomaji mmoja kutoka mji wa jirani alikuwa ameandika: Ninyi watu, mmeandika koki ifunguke, hamkuandika ifungwe. Mnataka kuifanya Lihanga ziwa?

Twilumba akatazama. Ni kweli. Uso ukamwaka moto, akaongeza mstari uliokosekana mbele ya macho ya watu wote.

"Ndicho nilichotaka kusema," Longinus akanung'unika.

"Ulitaka kusema nini! Ulikuwa unatafuna."

Mama Chengula akapigisha kura. Mikono iliinuka mingi, na ambayo haikuinuka ilikuwa imeshika mbavu. Fortunata naye akaulizwa kama Lihanga watakubali. Akasema msaada hawautaki hata kwa dawa, lakini kumtukana Mhehe kila asubuhi, tena kwa maandishi, hilo ni jambo la afya.

"Limebaki moja," Longinus akasema. Akavuta uzi shingoni, pete ya shaba ikaonekana, kicheko kikapungua. "Akaunti ya mzee haifungwi bila hii. Na mimi hii sitoi bure. Mila ni mila."

Macho yote yakamgeukia Mama Chengula. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo mnataka kuniambia," akasema polepole, "mlango wa mji ulikuwa wazi muda wote huu kwa sababu ya jogoo mmoja?"

"Jogoo wako, Mama."

"Mwenyekiti wa baraza!" mtu akapaza sauti. "Jogoo mmoja!"

Walimcheka mpaka naye akacheka, kisha akatuma mtu nyumbani. Jogoo akaletwa, mwekundu, mkali, akamdonoa Longinus mkono wakati wa makabidhiano, na hilo lilimridhisha Mama Chengula kiasi cha kusamehe. Hata hivyo akatoa adhabu papo hapo: Twilumba na Longinus wataosha nyavu zote za mlimani kwa mikono yao, kwa maji baridi, mmoja kwa kusahau kuuliza na mwingine kwa kukaa kimya. Hakuna aliyebisha.

Twilumba akaiweka pete ya mwalimu wake juu ya kisomeo cha pete, akaandika:

funga vmhapa

Jamvi likauliza: Una hakika? Mzizi huu haurudi.

Kidole kikamgoma. Alikuwa ameshaona jina lile likififia makaburini, kwenye matangazo, kwenye midomo ya watu. Huku ndani ndiko mahali pa mwisho ambapo Mzee Vitalis alikuwa bado yumo. Machozi yakamjia, akayaacha yatoke mbele ya soko zima. Alimpenda yule mzee, na siri yake na rula yake.

"Mhehe," Longinus akamnong'oneza, jogoo kwapani, "bonyeza basi. Au unasubiri mwenyewe aje akuombe? Utakimbia wewe kwanza."

Akacheka huku analia, akabonyeza.

vmhapa: ametoka

Wanaume wakavua kofia kwa kitambo kidogo. Kisha Fortunata akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya kibodi ya soko, akauliza herufi ziko wapi, na kwa kidole kimoja akaandika kwa jina la watani tusi la kwanza. Likatokea ukutani herufi baada ya herufi, watu wakilisoma kwa pamoja kama darasa la kwanza:

Wahehe, maji yenu yananuka mbwa. Tutayanywa hivyo hivyo.

Kule mlimani, ambako siku hiyo tangi lilikuwa bado linamwagika, koki ikafunguka, na Jamvi likaandika chini yake kwamba imefunguka, na baada ya muda mfupi likaandika kwamba imefungwa.

Twilumba akasimama, akasema maneno yake mawili, "Jamvi safi," na milango ya nyanda ikafunguka mmoja mmoja kwenye kona ya ukuta. Ngoma zikaanza. Yeye alirudi bandani, maana kulikuwa na jambo hakulimaliza tangu asubuhi. Akaandika:

nani

tkihwele: yumo
lngonyani: yumo
watani: wamo

Alisoma majina yote mara mbili. Wote walikuwa hai. Akachukua kikombe chake cha chai, kilikuwa kimepoa kabisa, akanywa hivyo hivyo.